Matanga ya Bi Mashavu na Kifuniko cha King'ora

Nchi ya Pandembili haimo katika ramani yoyote, na wenyeji wake hawalalamiki, kwa kuwa ramani ingewalazimu kukubaliana mpaka wao unapita wapi. Mwanakheri Shekue, fundi wa redio, alifikaje huko si habari ya kutupotezea muda. Alifika, akagongewa muhuri mara mbili, mmoja kwa kila upande wa nchi, akakaribishwa mara mbili na maofisa wawili waliokuwa wamepeana migongo.

Aliitwa kwa kazi moja. Pandembili walikuwa na king'ora juu ya mlingoti kando ya mto, cha kuwaonya watu wa Bondeni maji yanapopanda. Kwa miaka saba kifuniko cha kasha la king'ora hicho kilikuwa hakifungi. Walikikaza kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu za baiskeli, na ilikuwapo Idara ya Mipira yenye watumishi thelathini na gari lenye bendera. Mwaka uliopita mvua iliingia kasheni, king'ora kikanyamaza, na nyumba kumi na moja za Bondeni zikachukuliwa na maji. Idara ya Mipira iliongezewa watumishi wanne.

Mwenyeji wa Mwanakheri alikuwa Ngwale, tarishi wa serikali, mtu wa makamo, mpole, mwenye viatu vilivyolika upande mmoja. Dada yake Ngwale, Mwanahawa, alikuwamo katika moja ya nyumba zile kumi na moja. Mama yao, Bi Mashavu, bado alikuwa akiishi kule kule Bondeni na alikataa kuhama, kwa sababu kaburi la binti yake liko huko. Mvua za mwaka huu zilikuwa zimebakiza siku kumi na mbili kuanza. Ngwale alimweleza mgeni hayo yote kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo, kisha akasema ana hofu, na kwamba hofu hiyo haimpi usingizi.

Siku ya kwanza alimpeleka Nyumba ya Bapa. Huko ndiko kunakochorwa bodi, yaani kile kibao cha kijani chenye njia za umeme, na vifaa vya kulehemiwa juu yake. Watu wa Bapa wana adabu sana. Hutembea wamejiinamia kidogo, huweka vitu vyao sakafuni, na hawataji kimo cha kitu chochote, kwa kuwa kwao kimo ni jambo la faragha. Programu yao ya kuchorea ilionyesha urefu na upana mpaka sehemu ya mia ya milimita. Mahali pa kuandika kimo hapakuwapo kabisa.

Mwanakheri aliinama kwenye kompyuta ya mchoraji mkuu, Bwana Dilunga, akaona duara moja kubwa katikati ya mchoro, alama ya kile kikopo cha kutunza umeme.

"Hii ni kapasita," alisema. "Ina kimo gani?"

Mchoraji mmoja akainama kuokota kalamu ambayo haikuwa imeanguka. Bwana Dilunga, mzee nadhifu mwenye miwani ya kamba, alimshika mgeni kiwiko akamtoa mpaka ukumbini.

"Dada yangu, wewe ni mgeni, sikulaumu," alisema. "Lakini mambo hayo hatuulizani mbele za watu."

"Na faraghani?"

"Faraghani hakuna anayejua."

Siku ya pili walikwenda Nyumba ya Kasha, ng'ambo ya ukuta. Hawa ndio wachoraji wa makasha na vifuniko. Kimo walikitaja bila haya, na kasha lao waliligeuzageuza kwenye kompyuta, chini juu, mbele nyuma, mpaka Mwanakheri akaona kizunguzungu. Lakini kwao kuuliza kilichomo ndani ya kitu ni umbea. Mtu akibeba kikapu hupita nacho na hakuna anayechungulia. Katika programu yao bodi ya king'ora ilikuwa kipande bapa kama kigae cha sakafu, hakina kitu juu yake.

"Mama, ndani humu mna kapasita imesimama," Mwanakheri alimwambia Bi Mwajabu, mchoraji mkuu wa huko, mwanamke mnene mwenye mikono myepesi.

"Huenda," Bi Mwajabu alijibu. "Sisi hatufuatilii ya watu."

Kulikuwa na jambo jingine. Watu wa Bapa walianza kuhesabu vipimo vyao kutoka kona ya chini kushoto ya bodi. Watu wa Kasha walianzia katikati. Tena Bapa huitazama bodi kutoka juu, na Kasha huitazama kutoka chini, maana kasha lao hufungwa kwa skrubu likiwa limepinduliwa. Kwa hiyo tundu la kushoto upande huu lilikuwa la kulia upande ule. Mwanakheri alipowaambia hivyo, kila Nyumba ilimshukuru kwa kuligundua kosa la wenzao.

Sheria ya Pandembili inakataza Nyumba hizo mbili kukutana. Zinawasiliana kwa Karatasi ya Makabidhiano, ambayo huandikwa kwa mkono kila mwezi, urefu na upana tu, na kupelekwa na Ngwale kwa miguu. Langoni Karatasi hukaa siku tisa ikisubiri muhuri. Katika siku hizo tisa kila Nyumba huendelea kubadilisha mchoro wake, jambo ambalo sheria haikatazi. Karatasi inapofika huwa inaeleza bodi ambayo haipo tena, na anayeipokea hulirekebisha kasha lake kwa uangalifu mkubwa lifanane nayo.

Vipimo vinapotofautiana, shauri hupelekwa kwa Kamati ya Katikati. Kamati hii inaheshimiwa kwa haki yake. Bapa wakisema tundu la skrubu liko kwenye milimita kumi, na Kasha wakisema liko kwenye kumi na nne, Kamati huamua litobolewe kwenye kumi na mbili. Hakuna skrubu iliyowahi kuingia kwenye tundu la Kamati. Hata hivyo hakuna Nyumba iliyowahi kukata rufaa, kwa kuwa zote hukosa sawasawa.

Mwanakheri aliomba kusema mbele ya Kamati hiyo, akapewa robo saa. Alikwenda na maneno machache.

"Waheshimiwa, mna programu mbili ambazo hazijuani," alisema. "Ziunganisheni. Huyu akisogeza tundu, yule alione limesogea hapo hapo. Huyu akisimamisha kapasita, yule aone kimo chake kabla hajakata kifuniko. Karatasi haitahitajika."

Mjumbe mmoja aliinua mkono. "Akiona limesogea hapo hapo, si atajua kwamba limesogezwa?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Basi atauliza kwa nini."

"Ndiyo."

Mwenyekiti akamwagiza karani aandike hilo kuwa ni hatari. Mjumbe wa pili akataka kujua, kifuniko kikifunga, kitahesabiwa kimefungwa na Nyumba ipi. Wa tatu akauliza kuhusu wale watumishi thelathini na wanne wa Mipira, na hilo liliwagusa wengi, akiwamo mjumbe ambaye shemeji yake ndiye dereva wa gari lenye bendera. Baada ya saa mbili Kamati ilikubali kwa kauli moja kwamba wazo ni zuri, na ikaunda kamati ndogo itakayolitazama na kutoa taarifa mvua zikiisha.

Ngwale alikuwa amesimama mlangoni. Walipofika darajani akasema, "Zimebaki siku tisa," akaendelea kutembea.

Jioni ile alimpeleka mgeni Bondeni kwa mama yake. Bi Mashavu alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye ulimi mkali, na mashavu ya kutosha jina lake. Aliitikia shikamoo ya Mwanakheri huku anamenya muhogo, akamsukumia kisu cha pili. Ngwale alimsimulia kikao chote. Mama alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho.

"Mwanangu," alimwambia Mwanakheri, "ile kapasita yao unayoisema, ikoje?"

Mwanakheri alikata kipande cha muhogo urefu wa kidole, akakisimamisha kwenye sinia. Juu yake akafunika bakuli. Bakuli likakaa upande. Bi Mashavu alilibonyeza kwa kidole.

"Mwaka jana walilisema hili," alisema. "Hapa hapa uani kwangu. Kwenye matanga ya Mwanahawa."

Hapo ndipo Mwanakheri alipopata kujua kwamba sheria ile ina mlango mmoja. Watu wa Bapa na watu wa Kasha wanaruhusiwa kukaa mkeka mmoja msibani, kwa siku tatu za matanga, na kuzungumza watakalo. Tena jambo watakalokubaliana msibani huhesabiwa kuwa ni wosia wa marehemu, na hakuna Kamati inayoweza kulisogeza. Katika matanga ya Mwanahawa, Bwana Dilunga na Bi Mwajabu, ambao walikuja kwa kuwa ndio waliochora king'ora kilichonyamaza, walijikuta wameketi bega kwa bega. Siku ya kwanza walilia. Siku ya pili walianza kuulizana. Siku ya tatu adhuhuri Bi Mashavu, akipita na birika la kahawa, aliwasikia wamefika kwenye tundu la tatu kati ya matundu manne.

"Halafu matanga yakaondoka, kila mtu akarudi kwao," alisema. "Nikamwambia Mungu, mwanangu amekufa, na bado siku zake hazikutosha. Siku moja tu ingetosha. Nina uchungu na siku ile moja mpaka leo."

Alimaliza muhogo wake, akajifuta mikono.

"Kesho nakufa mimi," alisema. "Ngwale, utaweka turubai."

Ngwale alikataa. Alisema maneno mengi ambayo si kawaida yake, na mwisho akasema hawezi kuandika kwa mkono wake kwamba mama yake amekufa, ilhali mwaka jana tu ameandika la dada yake. Mama alimwacha aseme. Kisha akamuuliza anapenda aliandike sasa mama yake akiwa hai, au aliandike la kweli baada ya mvua. Ngwale alitoka nje akakaa kwenye ngazi.

Asubuhi Bi Mashavu alikwenda mwenyewe Ofisi ya Vifo, Mwanakheri akimfuata nyuma. Karani alikuwa kijana makini mwenye tai.

"Jina la marehemu?"

"Mashavu binti Kilua."

"Amefia wapi?"

"Bado. Andika Bondeni."

Karani aliandika. "Mtoa taarifa lazima awe ndugu wa damu."

"Damu yake na yangu ni moja," alisema Bi Mashavu.

Karani aliitazama fomu yake juu mpaka chini. Palikuwa na mahali pa saa ya kifo, dini, na idadi ya watoto, lakini hakuna mahali palipouliza kama marehemu yuko dirishani. Akamtaka mtoto wa marehemu atie sahihi. Ngwale, ambaye alikuwa amewafuata kwa mbali, akasogea, akashika kalamu, akatia sahihi. Karani akampa pole, na Bi Mashavu naye akapewa pole, kama mfiwa.

Matanga yalifana. Turubai lilifungwa uani, na watu wa Bondeni walileta kuni, mchele na mikeka bila kuuliza, maana walikuwa wanaishi chini ya mlingoti ule ule. Bi Mashavu alisimamia jiko la msiba wake, akalalamika kwamba chumvi imezidi. Waombolezaji kutoka mjini walipomkuta anapakua walimshika mkono wakasema Mungu amlaze pema, naye akaitikia amina, akawaongezea mchuzi.

Bwana Dilunga alifika adhuhuri ya siku ya kwanza, na Bi Mwajabu baada yake. Wote wawili walimwona marehemu. Wote wawili walielewa, wakavua viatu, wakaketi mkeka mmoja. Mwanakheri alikaa katikati yao. Alikuwa amewaambia waje na kompyuta zao, akaziunganisha kwa waya uliopita chini ya mkeka, na siku nzima ile aliifanya programu ya kwanza iifahamu ya pili. Ilikuwa kazi ya kukera. Kila moja iliita kitu kimoja kwa jina lake. Bodi ya Bapa ilipojitokeza mara ya kwanza kwenye mchoro wa Kasha, ilitokea nje kabisa ya kasha, imepinduka kifudifudi, kwa sababu ya ile kona na ile katikati.

"Tuanzie wapi kuhesabu?" aliuliza Bi Mwajabu.

"Konani," alisema Bwana Dilunga.

"Katikati."

Walibishana mpaka chai ya jioni. Mtu wa Kamati hakuwapo kuwapa nafasi iliyo baina ya kona na katikati. Mwanakheri aliwaambia waanzie kwenye tundu la kwanza la skrubu, kwa kuwa hilo ndilo kitu pekee wanachokimiliki wote wawili. Walitazamana, na kwa kuwa hakuna aliyeshindwa, wakakubali.

Siku ya pili ilikuwa ya kimo. Bwana Dilunga aligeuka rangi. Alinong'ona kwamba hawezi, mbele ya watu wote hawa. Bi Mashavu alipita na sinia la muhogo uliochemshwa, akaliweka mbele yake, akamwachia kisu. Mzee yule alikata kipande kifupi akakiweka juu ya mchoro uliochapwa, mahali pa koili. Akakata kirefu zaidi kwa transfoma. Alipofika kwenye kapasita alikata kipande kirefu kuliko vyote, akakisimamisha bila kumtazama mtu, na Bi Mwajabu, ambaye maisha yake yote hajauliza kilichomo ndani, akachungulia.

"Kumbe wewe ndiye," aliuambia ule muhogo. "Miaka saba nakata vifuniko, kumbe ni wewe."

Akacheka, kisha akaacha, kwa kuwa alimkumbuka Mwanahawa. Bwana Dilunga naye alimkumbuka. Alisema kwa sauti ya chini kwamba laiti angelisema neno moja tu, namba moja, mwaka juzi. Alinyoosha kidole akaulaza ule muhogo ubavu.

"Ikilala," alisema, "inabaki nusu."

"Na mimi nikiinua kifuniko milimita nne," alisema Bi Mwajabu.

Kwenye kompyuta mbili, kapasita ililala na kifuniko kikainuka kwa wakati mmoja. Siku ya tatu walifanya matundu. Adhuhuri walifika la tatu, na Bi Mashavu akasimama na birika lake pale pale aliposimama mwaka jana, hakwenda mbele wala nyuma, mpaka aliposikia wamemaliza la nne. Hapo akakaa chini akalia kwa sauti. Wageni walioko mbali walidhani ni kilio cha kawaida cha matanga, wakamwombea.

Kasha lilikatwa kwa siku mbili. Siku iliyofuata Ngwale alipanda mlingoti na skrubu nne mfukoni, akashuka bila hata moja. Idara ya Mipira ilituma mtu kufunga mipira juu yake, kwa mujibu wa taratibu.

Mvua ilikuja siku moja kabla ya wakati wake. King'ora kililia saa tisa alasiri, sauti mbaya kama ng'ombe aliyekanyagwa, na watu mia nne na kumi na mbili wa Bondeni wakapanda mlimani na mbuzi zao. Nyumba saba zilikwenda. Mtu hakwenda hata mmoja. Bi Mashavu alipanda kwa miguu yake, anamtukana Ngwale kwa kumharakisha.

Kamati ya Katikati ilitoa taarifa yake mapema kuliko ilivyoahidi. Ilisema tukio hili limethibitisha kwamba Karatasi ya Makabidhiano inafanya kazi, na kwamba kuunganisha programu si jambo la haraka. Ilihesabu walionusurika kuwa mia nne na kumi na moja.

Ngwale alikwenda Ofisi ya Vifo kuwaeleza kwamba wamepungukiwa mtu. Karani mwenye tai alimsikiliza vizuri.

"Inawezekana kumrudisha," alisema. "Kuna fomu. Ila akiwa hai, hapakuwa na msiba. Hapakuwa na msiba, wale wawili walikutana kinyume cha sheria. Hakuna wosia. Kifuniko kitashushwa, matundu yatarudi kwa Kamati. Nikuletee fomu?"

Ngwale alitikisa kichwa. Kisha akasema asante, akaondoka. Alimwambia Mwanakheri baadaye kwamba katika maisha yake hajawahi kuona aibu na furaha kwa pamoja namna ile.

Siku ya kuondoka Mwanakheri alikwenda kuaga. Marehemu alikuwa anaezeka jiko. Nyuma ya mlango palibandikwa karatasi yenye majina kumi na manne, kila jina na mwaka wake wa kufa. La kwanza lilikuwa la Bi Mashavu, limekatwa kwa mstari. Kulikuwa na daraja la kuchorwa mwaka ujao, alieleza, na pampu ya kisima mwaka wa tatu, navyo vina ndani na nje kama king'ora. Ngwale alijiandikisha wa pili, mama akamfuta, akisema tarishi akifa ataletwa mwingine mwenye bidii, nao hawamtaki mwenye bidii. Mwaka ujao angekufa fundi cherehani wa jirani, ambaye tayari alikuwa anauliza bei ya mchele.

"Mama, mtaendelea kufa mpaka lini?" aliuliza Mwanakheri.

"Mpaka wakae meza moja bila maiti," alisema Bi Mashavu. "Kwenu wanakaa?"

Mwanakheri aliisogelea karatasi ile. Alikumbuka karakana ya kwao, chumba cha wachora bodi ghorofa ya chini na cha wachora makasha ghorofa ya juu, na barua zinazopanda na kushuka ngazi, na redio elfu mbili zilizomo ghalani ambazo vitufe vyao havifiki kwenye swichi. Alikumbuka kwamba yeye na mchoraji wa juu wamefanya kazi miaka sita, na mara ya mwisho kukaa pamoja ilikuwa kwenye mazishi ya mlinzi.

Akaomba kalamu, akaandika jina lake chini ya la kumi na nne, na mbele yake, kando ya mwaka, akaongeza: karakana ya kwetu.